Dawa Iliyokwenda Likizo

Mwaka niliokuwa darasa la tano pale Rhotia, daftari langu la imla lilikuwa na matundu. Si ya panya, ingawa panya tulikuwa nao wa kutosha. Yalikuwa matundu ya maneno. Mwalimu akisoma, "Mkulima alilima shamba lake vizuri, akapanda mahindi na maharage kabla ya mvua kunyesha," mimi naandika, "Mkulima alilima shamba lake kabla ya mvua kunyesha," kwa mwandiko wa kupendeza kabisa, kisha naweka kalamu chini nikiwa nimeridhika. Kila neno lililokosekana lilikuwa na fimbo yake. Nilikuwa nawaka kwa hasira, maana naapa maneno hayo sikuyasikia. Niliamini mwalimu anayaruka makusudi ili apate sababu ya kunichapa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa natoweka. Sikuanguka, sikutoa povu, sikutetemeka. Macho yaliganda, kope zikapepesa kidogo, na baada ya muda mfupi wa kuhesabu moja mpaka kumi nilirudi na kuendelea na nilichokuwa nafanya. Ilitokea mara nyingi kwa siku, na mimi mwenyewe sikuhisi chochote. Kwangu, dunia ndiyo iliyokuwa na tabia ya kurukaruka: mtu yuko mlangoni, mara yuko mezani. Nilidhani watu wote huona hivyo na hawalalamiki.

Nyumbani walisema nazubaa. Shamba letu lilipakana na msitu wa Ngorongoro, na mahindi yakikomaa watoto tulishika zamu kufukuza nyani. Zamu yangu nyani waliipenda sana. Nyani hahitaji muda mrefu kuvunja hindi na kukimbia nalo. Siku moja baba alikuja akakuta maganda mabichi yamezagaa hatua chache kutoka nilipoketi, akaniuliza nyani wamepita saa ngapi. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hawajapita. Ndugu zangu walicheka mpaka wakaketi chini. Tangu siku hiyo neno langu likakosa uzito. Nikisema ndama wamekunywa maji, mtu anatumwa kwenda kuangalia. Nikisema chumvi ipo, mama anafunua kopo mwenyewe.

Lakini lililoniuma kuliko fimbo na nyani ni mgongo wangu mtupu. Kwetu msichana wa umri wangu alikwenda kisimani na mtoto mgongoni: mdogo wake, au mtoto wa shangazi, ilimradi mtoto. Wenzangu walisimama pale wakiyumbisha viuno kuwabembeleza, wakizungumza habari za meno na kuhara kwa sauti ya watu wazima. Mimi nilikuwa na ndoo tu. Mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, mwanzoni mwa mwaka ule, nilimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba huyu ni wangu kumbeba. Mama alinitazama kwa huruma iliyonikera. "Wewe hapana," alisema. Alikuwa na sababu: wiki chache kabla nilisimama nikichochea moto mpaka mkono wa sweta langu ukaanza kutoa moshi, na yeye ndiye aliyenivuta. Sababu niliijua. Niliichukia vilevile.

Aliyenifumbua macho, au tuseme aliyeona macho yangu yakifumba, alikuwa mwalimu mpya wa kike aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida. Wiki yake ya kwanza alisahihisha imla yangu, akachukua fimbo, akairudisha mezani. Kesho yake alivuta kiti karibu na dawati langu, akasoma imla huku ananitazama usoni badala ya kutazama kitabu. Baadaye alinionyesha daftari. "Angalia," aliniambia, "mvivu huacha neno gumu. Wewe umeacha 'na', umeacha 'yake', halafu umeandika 'ushirikiano' bila kosa. Hukuwepo."

Akamwita baba shuleni. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyokuwa nayo aliyatoa kwa shingo upande.

"Mzee, huyu mtoto anaumwa."

"Anaumwa wapi? Ugali anamaliza."

Hata hivyo alinipeleka zahanati. Huko nilipewa vidonge vyeupe vya kifafa, na kwa wiki tatu nililala darasani na kuota ndoto. Matundu ya imla hayakupungua, isipokuwa sasa yalikuwa na mate. Mwalimu akamwita baba tena. Safari hii tukaenda hospitali ya misheni, ambako alikuwapo daktari mgeni, mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kujifunzia kanisani. Mama alibaki nyumbani kwa sababu ya kichanga. Nalisema hili sasa kwa kuwa ndipo mambo yalipoharibikia.

Daktari alisikiliza habari yote, akachana ukanda wa karatasi, akauning'iniza mbele ya mdomo wangu. "Puliza, binti yangu. Karatasi iruke. Usiache." Nikapuliza. Baba alinitazama, na nikaona anaona aibu kwamba tumetembea asubuhi nzima kuja kupuliza karatasi. Nikapuliza mpaka vidole vikafa ganzi. "Puliza! Puliza!" daktari alisema, na sauti yake ilianza kupanda. Nikapuliza.

Mara daktari alikuwa amesimama upande wa pili wa chumba, anapiga makofi.

"Nimekuambia neno gani?" aliniuliza.

"Umesema nipulize."

"Baada ya hapo?"

"Hujasema kitu."

Baba alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. "Amekuambia ng'ombe," alisema polepole. "Amekusemea sikioni. Mara tatu. Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Ulikuwa unamtazama."

Daktari alikuwa anacheka, anatembea huku na huku, anamwonyesha muuguzi ile karatasi kama ndiyo iliyoumwa. Baba akapandwa na hasira. "Mtoto wangu mgonjwa, na wewe unafurahi?" Daktari akatulia, akamshika bega. Alieleza kwamba kupuliza sana ndiko kunakoiamsha aina hii ya kifafa, na anafurahi kwa sababu anaijua, ina dawa yake, si ile ya vidonge vyeupe, na anayo chupa kabatini. Mtu aliyejua! Miaka yote ile nimeitwa mvivu, mwongo, zuzu, na huyu mtu alikuwa na chupa kabatini.

Chupani palikuwa na neno ethosuximide. Baba alijaribu kulitamka njia nzima ya kurudi, akalikata, akalikata tena, mwisho akabaki na "suksi". Ilikuwa dawa ya maji, nzito na tamu, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Daktari alimweleza baba mengi sana. Tulipofika nyumbani mama alimuuliza baba: "Amesemaje?" Baba akaweka chupa mezani. "Dawa ya shule," alisema. "Anywe asubuhi na jioni, asome." Kisha akaenda kutazama ng'ombe.

Siku za kwanza dawa ilinipiga. Tumbo lilivurugika, na kwikwi ilinishika katikati ya wimbo wa taifa, nikatolewa mstarini. Mama akagundua kwamba nikinywa uji mzito kwanza, tumbo linatulia. Na baada ya wiki mbili au tatu, siku ambayo sitaisahau, mwalimu alisoma imla ya mistari kumi na miwili. Nikaandika mistari kumi na miwili. Aliikagua mbele yangu, kidole kikitembea chini ya kila neno, kikafika nukta ya mwisho. Alinyanyua daftari juu darasa zima lione. Sijawahi kupata kitu maishani, cheti wala pongezi, kikanipa furaha kama ile.

Dunia iliacha kurukaruka. Niliona mtu akitoka mlangoni mpaka mezani, hatua zote. Nilisikia hadithi zikiwa na katikati! Nilikaa kwenye zamu ya mahindi na nyani wa kwanza kuthubutu nilimwona tangu anaposhuka mtini, nikampiga jiwe la mgongo, naye akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyevunjiwa ahadi. Nilivimba kichwa. Niliongea mfululizo mpaka ndugu zangu wakasema afadhali nilivyokuwa nimezubaa. Na kila jioni nilimkumbusha mama habari ya mgongo wangu. Alikuwa anaanza kulegea, niliona. Alianza kusema "bado" badala ya "hapana".

Shule ikafungwa mwezi wa sita. Mama alifua sare yangu, akaianika, akaikunja pamoja na daftari, akaviweka ndani ya sanduku la bati la chini ya kitanda. Ndani ya sanduku hilo hilo akaisimamisha chupa ya dawa, akaifungia kitambaa shingoni isimwagike, akafunga kufuli. Kwake ilikuwa busara tupu. Sare ya shule haivaliwi likizo, inachakaa bure. Na dawa ya shule hainywewi likizo, inakwisha bure, na nyakati zile hata sukari na sabuni zilikuwa za kutafuta. Mama hakuwa mzembe. Alikuwa anaitunza dawa yangu kwa mapenzi yake yote.

Na mimi? Nilimwona akifunga lile sanduku. Nilikumbuka kwamba daktari alisema kila siku. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, hukohuko hospitali. Lakini kwikwi ilikuwa imenichosha, na nilijiona nimepona. Nikanyamaza.

Katikati ya likizo mama akakata shauri tumpeleke mtoto kwa bibi yake kule Buger, maana bibi alikuwa hajamwona bado na alishaanza kutuma salamu za kulalamika. Mama alikuwa na mfuko wa maharage mapya wa kujitwika kichwani. Asingeweza vyote viwili. Alfajiri alinisimamisha uani, akanizungusha, akanitazama kwa muda.

"Inama," alisema.

Niliinama haraka nusura nianguke. Akamlaza mdogo wangu mgongoni, akazungusha kanga, akafunga fundo kifuani kwa nguvu za mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Uzito ule! Joto lile chini ya shingo! Nilipita kisimani kwa makusudi, ingawa haikuwa njia fupi, nikawasalimu wasichana wote mmoja mmoja. Nilimweleza mmoja wao kwamba mtoto wetu anasumbuliwa na meno. Alikuwa na miezi mitano tu na hakuwa na jino hata moja, lakini sikuweza kujizuia.

Tukafika barabara kuu, ile iendayo Karatu na kupanda kreta ya Ngorongoro. Siku hizo ilikuwa ya vumbi jekundu, na magari ya watalii yalipita kwa kasi yakiacha wingu nyuma. Mama alisimama kidogo kurekebisha mfuko kichwani. Mimi nilikuwa mbele, kifua nje. Nakumbuka mguu wangu ukikanyaga changarawe za ukingoni.

Mara bampa la mbele la Land Rover lilikuwa hapa, karibu na kifua changu, nahisi joto la injini usoni. Vumbi lilikuwa kila mahali na mtu alikuwa anapiga kelele. Maharage yalikuwa yanaviringika barabarani. Mama alikuwa amenishika mkono kwa kucha, anapumua kwa kukata. Mdogo wangu alikuwa mzima, anacheza na nywele zangu.

Dereva aliruka chini, mlango akauacha wazi. "Wewe binti, umelogwa? Nimepiga honi tangu kule konani! Umenitazama! Umesimama katikati ya barabara unanitazama!"

"Hakusikia," mama alisema.

"Ni kiziwi?"

"Hapana." Mama alinigeuza nimtazame. "Si umepona? Mwanangu, si dawa imekuponya?"

"Tangu shule ifungwe hujanipa, mama."

Naweza kuuona uso wake mpaka leo. Hakunipiga, hakufoka. Alisimama katikati ya barabara ya watalii, akiunganisha mambo moja baada ya jingine: sare, sanduku, kufuli. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anamweleza yule dereva, "Nimeifungia mimi. Ni dawa ya shule. Mimi ndiye niliyeifungia." Mtalii mmoja, mama mzee mwenye kofia ya kamba, alikuwa ameshuka na kuchuchumaa, anaokota maharage yetu moja moja na kuyatia kwenye kofia yake. Dereva naye, alipotulia, akainama kumsaidia.

Mama alifungua fundo kifuani pangu. Akamtoa mtoto mgongoni, akamfunga mgongoni kwake. Mgongo wangu ulikuwa umeloa jasho, upepo ukaupiga ukawa baridi. Hatukwenda Buger. Tulirudi tulikotoka, mimi na maharage kichwani, na nililia njia yote kwa hasira na aibu, kwa sababu nilijua kwamba kunyamaza kwangu pia kulikuwamo.

Kesho yake mama hakumtuma baba. Alikwenda hospitali mwenyewe, mtoto mgongoni, mimi nyuma yake, akaketi mbele ya daktari na kumwambia anataka kusikia kwa masikio yake. Daktari akaeleza: ubongo haujui shule wala likizo, dawa ikikatwa ghafla, kule kutoweka kunarudi, wakati mwingine kwa nguvu zaidi.

"Na Jumapili?" mama aliuliza.

"Na Jumapili."

"Na Krismasi?"

"Na Krismasi, mama."

"Nikikosa uji wa kumpa kwanza?"

"Mpe hata kiazi. Lakini mpe."

Alimfanya arudie yote tangu mwanzo. Jioni ile baba alipewa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyatumia maishani mwake, na aliyapokea kwa kichwa chini. Mama, aliyekuwa anahudhuria madarasa ya elimu ya watu wazima, alichukua mkaa akaandika ukutani juu ya kitanda changu, herufi kubwa za kuyumba: ASUBUHI. JIONI. KILA SIKU.

Basi nikanywa. Kwikwi ikaja, ikachoka, ikaondoka. Shule ikafunguliwa, likizo nyingine ikaja, na sanduku la bati likakaa na sare peke yake. Matundu hayakurudi. Nilipanda darasa nikiwa wa tatu. Mdogo wangu akaota meno kweli, akatambaa, akaanza kusimama kwa kushika ukuta, na muda wote huo alibebwa na mama, na shangazi, hata na binti wa jirani aliyekuwa mdogo kwangu kwa mwaka mzima. Sikuomba tena. Niliogopa kuomba, kwa sababu sasa mimi mwenyewe sikujiamini. Nilikuwa najikagua siku nzima, nikihesabu kimoyomoyo kuona kama namba zinafuatana.

Ikafika zamu ya shamba letu kupaliliwa. Majirani walikuja na majembe yao tangu asubuhi, kama ilivyo desturi, na mwenye shamba ni lazima awe mstari wa mbele. Shangazi alikuwa mgonjwa. Mama alisimama uani na jembe begani, mtoto mkononi. Alinitazama, akatazama ukuta wenye maandishi ya mkaa. Akamweka mtoto chini, miguuni pangu.

"Mwangalie," alisema, akaenda. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilijua kwa sababu nilimtazama mpaka alipoingia kwenye mahindi.

Nikafunga mlango wa jikoni kwenye moto. Nikaketi chini uani, yeye mbele yangu, na sikumwondolea macho. Alishika ukuta, akasimama. Akanitazama. Akaachia ukuta.

Hatua moja. Akayumba, mikono hewani. Ya pili, ya tatu. Niliziba mdomo nisimtishe. Ya nne aliikanyaga kwa kisigino, ya tano akacheka mwenyewe, ya sita, ya saba, akanidondokea kifuani na mate yake yote. Nilipiga kelele. Nilimfunga mgongoni bila kujiuliza nina ruhusa au sina, nikakimbia mpaka shambani.

"Ametembea!" nilipaza sauti kabla sijafika. "Ametembea hatua saba!"

Wanawake waliegemea majembe yao wakacheka. "Saba?" alisema mmoja, jirani aliyenijua tangu zamani za nyani. "Wa kwanza wangu alianza na mbili. Mtoto aanze na saba! Huyu dada yake naye, labda alizubaa, akahesabu mara mbili."

Wakacheka zaidi. Mama hakucheka. Aliufuta uso kwa upindo wa kanga, akamwangalia mdogo wangu pale mgongoni pangu, akaliangalia fundo kifuani. Nilisubiri amchukue. Akanyoosha mkono, akalikaza lile fundo vizuri.

"Zilikuwa saba," aliwaambia. "Huyu akisema saba, ni saba."

Kisha akainama, akaendelea kupalilia. Mimi nililia pale pale mbele ya majembe yote, na sikuona haya.